Funguo utampa nani? Namna ya kulea viongozi watumishi kanisani kabla wewe hujachoka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika kwa ajili ya mlioko kwenye kwaya, vijana, umoja wa wanawake, shule ya jumapili, jumuiya, yaani wewe ambae ukikosa kanisani jumapili moja simu inaita kutwa nzima, funguo ziko wapi, daftari liko wapi, leo nani anaongoza. Kama ni wewe naomba usome mpaka mwisho maana mimi nilishakua huyo mtu na nimeona inapoishia.

Nilikua mwenyekiti wa kwaya ya vijana kwenye mtaa mmoja kwa miaka tisa. Funguo za stoo ya vyombo ninazo mimi, daftari la hela ninalo mimi, namba ya fundi wa spika ninayo mimi, wimbo upi nani anauanzisha na anaanzia wapi vyote viko kichwani kwangu. Watu walikua wananisifia, hata mbele ya kanisa nilikua naitwa nguzo, na mimi niliamini kabisa kwamba huo ndo utumishi. Alafu nikahamishwa kikazi kwenda Dodoma. Haikupita miezi mitatu kijana mmoja akanipigia, kaka hii jumapili ya tatu hatujaimba. Nikauliza kuna nini, mmegombana? Akasema hapana, kila mtu anamsubiri mwenzake aanzishe. Huyo kijana alikua amekaa kwenye ile kwaya miaka sita, sauti zote nne anazijua, sauti ya nne anaishika vizuri kuliko mimi, na katika miaka yote sita sikuwahi kumuachia hata mazoezi ya siku moja. Sio kwamba nilimkatalia. Yeye hakuwahi kuomba na mimi hata wazo halikuwahi kunijia. Iyo simu iliniuma kuliko nilivyoweza kumuambia.

Tangu hapo nimekua najifunza upya, na kitu kikubwa nilichokipata ni kwamba kiongozi analelewa kwa kuachiwa kazi ya kweli wakati wewe bado upo, umekaa pembeni unamuona. Semina nzuri, vitabu vizuri, ila mtu anakomaa pale anaposhika funguo mkononi na mlezi wake bado yuko jirani. Haya yote hapa chini ni namna ya kufika hapo.

Kwanza neno lenyewe, mtumishi

Kwetu hili neno limehama. Serikalini kuna mtumishi wa umma, nyumbani mtumishi ni yule dada anaeamka kabla ya watu wote, ila ukiingia kanisani mtumishi ni mtu mwenye kiti chake mbele, maji yake ya chupa mezani, na kuna kijana kamshikia Biblia anatembea nyuma yake. Sisemi mchungaji asiheshimiwe, mimi mwenyewe shikamoo yangu kwa mchungaji inatoka kabla hajashuka kwenye pikipiki. Ila kijana akikulia kwenye hayo mazingira, siku unamuambia Mungu anakuita uwe mtumishi, yeye kichwani anaona kiti.

Kwaiyo anza kwa kusoma nao Marko 10 kuanzia mstari wa 35. Yakobo na Yohana wanaomba kukaa kulia na kushoto, wale kumi wanakasirika, na mimi naona walikasirika kwasababu hata wao izo nafasi walikua wanazitaka, maana Yesu hakuwakemea wawili peke yao, aliwaita wote akawaambia wakubwa wa mataifa wanavyotawala, alafu akasema lakini haitakuwa hivyo kwenu. Waulize vijana wako, kwenye kikundi chetu viti vya kulia na kushoto ni vipi? Watakujibu vizuri tu. Ni kushika maiki, ni kukaa meza kuu siku ya uzinduzi, ni kua admini wa grupu la WhatsApp.

Alafu mkasome Yohana 13. Kwenye shughuli zetu, iwe msiba iwe harusi, anaezunguka na jagi na beseni kunawisha watu mikono ni kijana mdogo kuliko wote waliopo, anaanzia kwa wazee, anainama, watu wananawa huku wanaendelea na maongezi yao wala hawamuangalii usoni. Na hiyo ni mikono tu. Yesu aliinuka mezani akavua vazi akajifunga kitambaa akashika hiyo beseni kwa ajili ya miguu, na Yuda nae alikuwemo, akatawadhwa kama wenzake. Na Yohana ameandika kabisa kwamba Yesu alifanya hivyo akijua Baba amempa vyote mikononi mwake. Hapo huwa nasimama kidogo kila nikisoma. Aliekua na vyote ndo alieshika beseni.

Fundisha kwa kufanya. Sheria niliyojiwekea ni kwamba hakuna kazi kwenye kikundi ambayo mwenyekiti haifanyi, kubeba spika, kuosha vikombe baada ya mkesha, kufagia mahali tulipokaa. Sio kila siku, na sio kwa kujionyesha, ila iwe kitu cha kawaida ambacho hakuna mtu anapiga picha.

Umchague nani

Makosa mengi yanatokea hapa. Tunachagua mwenye sauti nzuri, mwenye hela, mwenye digrii, anaeomba kwa nguvu, au mtoto wa familia inayojulikana usharikani. Hivyo vyote sio vibaya ila havikuambii kama huyu mtu anaweza kubebeshwa watu. Paulo alimuambia Timotheo asimuwekee mtu mikono kwa haraka, na askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni asije akajivuna. Sisi mtu ameokoka mwezi wa sita, mwezi wa tisa ni katibu.

Angalia baada ya ibada. Watu wakitoka nje kwenye mnada wa kuku na mayai, nani amebaki ndani anapanga viti? Nani amekaa na yule bibi anaesubiri bodaboda? Nani akitumwa kumuona mgonjwa anarudi na taarifa kamili, amelala wodi gani, anahitaji nini, nani anamlea mtoto wake? Hao ndo unaanza nao. Wape kazi ndogo bila cheo, miezi mitatu au zaidi, kufungua kanisa kabla ya mazoezi, kuandika mahudhurio, kufuatilia waliokosa wiki mbili mfululizo. Usitangaze. Wewe angalia vitu viwili tu. Akishindwa, anakuja kusema mwenyewe au unasikia kwa wengine? Na asiposhukuriwa, wiki inayofuata anakuja?

Ulizia nyumbani pia. Kwenye 1 Timotheo 3 Paulo anauliza, mtu asiejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu. Kama ana mke muulize mke, kama anaishi kwa wazazi muulize mama yake, kwa upole na kwa heshima. Jirani nae anajua mengi.

Kuna kitu kwenye Matendo 6 kilinichukua mda kukiona. Wajane wa Wayahudi wanaoongea Kiyunani walikua wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, watu wao wakanung'unika. Mitume wakasema chagueni saba, wakachaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Yaani upande uliokua unanung'unika ndo uliopewa mwiko wa kugawa. Mimi nilikua mtu akilalamika kwenye kikao namuona mkorofi namuweka pembeni, kumbe wakati mwingine anaelalamika ndo anaeona pengo, ana uchungu na kazi ila hana sehemu ya kuuweka. Sio wote, kuna wanaolalamika kwasababu wanapenda kulalamika, na huyo utamjua ukimpa mwiko.

Kaa nae karibu: maswali matatu ya Bibi

Nilipokua na miaka ishirini na kitu kulikua na mama mmoja mzee wa kanisa, sisi wote tulimuita Bibi. Siku moja kulikua na msiba jirani na kwake, mwinjilisti amesafiri, Bibi akaniambia mwanangu leo utaongoza wewe sala ya jioni pale. Nikasema Bibi mimi sijawahi. Akasema ndo maana naenda na wewe. Akakaa nyuma yangu kwenye mkeka, hakusema neno hata moja, hata pale niliposoma andiko nikapotea mstari nikanyamaza sijui nusu dakika, hakunisaidia. Niliumaliza wimbo kwa sauti inatetemeka.

Wakati tunarudi, giza limeshaingia, ameshika tochi yeye, akaniuliza maswali matatu. Umeona nini? Nikaeleza. Ukirudia kesho utafanyaje? Nikasema nitaweka alama kwenye Biblia, nitachagua wimbo ambao wafiwa wanaujua. Alafu akauliza, nani hukumuona? Nikanyamaza. Akasema nyuma ya mlango kulikua na mtoto wa marehemu, yule mdogo wa darasa la pili, amekaa na sufuria tupu mapajani muda wote wa sala, wakubwa wote wamempa mgongo na wewe umempa mgongo. Kesho ukifika kaa karibu na mlango.

Mpaka leo nikimaliza kitu chochote kanisani nauliza nani sikumuona.

Haya ndo malezi, hayahitaji bajeti. Unaenda nae, unamuachia, unanyamaza, mkirudi unauliza. Zamu ya kwanza ufanye wewe na yeye anaangalia, zamu ya pili mfanye wote, ya tatu afanye yeye na wewe unaangalia, baadae afanye yeye na kuna kijana mwingine anamuangalia. Hii ya mwisho watu wengi tunaisahau. Kwenye 2 Timotheo 2:2 kuna watu wa vizazi vinne kwenye mstari mmoja, Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao waaminifu. Ukimlea mtu ambae hajui kama na yeye anatakiwa kulea, kazi inakatikia kwake kama ilivyokatikia kwangu.

Usilee kundi kubwa. Wawili, watatu, basi. Yesu alikua na umati, alikua na kumi na wawili, ila mlimani na Gethsemane alienda na Petro, Yakobo na Yohana. Na ukiwa wa kiume unaemlea ni binti, au wewe dada unamlea kijana, mkae mahali penye watu, na mtu wa tatu ajue mko wapi. Na hili naliandika kwa uzito wote, kiongozi hakai na mtoto wa mtu chumba kimefungwa, na ikitokea mtoto amedhuriwa halipelekwi kwenye kikao cha wazee kusuluhishwa, linaenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto siku hiyo hiyo. Kumficha mkosaji ili jina la kanisa lisichafuke ni kumtupa yule mdogo ambae Yesu alimuweka katikati.

Hela

Nimeona vijana wazuri wakipotea kwenye ishu ya hela na wengi hawakua wezi. Walipewa hela bila kupewa utaratibu. Chukulia kwaya ya watu 24 wanachanga sare, kila mtu 35,000, hiyo ni 840,000. Hela inaingia kidogo kidogo kwenye simu ya mhasibu, humo humo kuna hela yake ya luku na ada ya mtoto, fundi anataka advansi, mtu mwingine analeta keshi baada ya mazoezi usiku, hakuna alieandika. Baada ya miezi miwili hesabu inasoma pungufu na kijana wa watu anaitwa mwizi mbele ya wenzake, anaondoka kanisani, labda moja kwa moja.

Hapo mlezi ndo amekosea. Muwekee ukuta wa kumlinda. Hela isiingie kwenye simu ya mtu binafsi, mfungue laini ya kikundi au akaunti yenye watia saini watatu. Keshi ihesabiwe na watu wawili hapo hapo, iandikwe kwenye daftari kwa kalamu, wote wasaini kabla hamjaachana. Risiti ibandikwe. Mwisho wa mwezi taarifa isomwe kwa sauti kwenye mazoezi hata kama ni elfu sita tu. Wewe mwenyekiti pia hukopi, hata ya nauli, hata kwa masaa mawili. Paulo alipopeleka mchango wa watakatifu Yerusalemu hakuubeba peke yake, kwenye 2 Wakorintho 8 anaeleza wametuma na wengine ili mtu asije akawalaumu, wafanye yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama mtume Paulo alihitaji mashahidi, sisi je. Na Musa alipoambiwa atafute wasaidizi, moja ya sifa aliyopewa ni watu wanaochukia mapato ya udhalimu. Huwezi kujua kama mtu anachukia mapato ya udhalimu mpaka elfu kumi ipite mkononi mwake, kwaiyo anza na elfu kumi, usianze na 840,000.

Akikosea

Atakosea. Amechelewa kufungua, amemjibu mama mtu mzima vibaya, ametoa siri ya mtu aliyeombewa. Mwite pembeni, siku hiyo hiyo au kesho yake, mwambie kitu chenyewe kilichotokea, usimwambie wewe siku zote uko hivyo. Usimsemee kwenye grupu la WhatsApp. Usimsemee kwenye mahubiri pia, hili wachungaji mnisamehe lakini linaumiza, mtu amekaa benchi la tatu anajua ni yeye na hawezi kujibu.

Na wewe ungama yako kwanza. Ule uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kenya na huku Bukoba, ulibebwa sana na hili jambo, watu kutembea nuruni, wamisionari wazungu na Waafrika kuungama makosa wao kwa wao, kitu ambacho wakati ule wa ukoloni hakikua cha kawaida kabisa. Simeoni Nsibambi wa Kampala, ambae mwaka 1929 alikutana na daktari mmisionari Joe Church wakasoma Neno na kuomba pamoja, hakua mchungaji, alikua mlei tu. Na kwenye huo uamsho akatoka mtu kama Josiah Kibira wa Bukoba, akawa askofu, na mwaka 1977 mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani uliofanyika Dar es Salaam ukamchagua kua rais wa fungamano lote, Mwafrika wa kwanza. Mimi nikisoma habari za hao ndugu naona kanisa ambalo mkubwa anaweza kusema nisamehe ndugu yangu, na mdogo anaesikia hiyo sentensi anajifunza uongozi ambao hakuna darasa linaweza kumpa.

Usimfute mtu kwa kosa moja. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani, baadae Barnaba anataka kumchukua tena, Paulo anakataa, wakashindana mpaka wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro. Miaka mingi mbele Paulo yuko kifungoni anaandika Marko aletwe maana anamfaa kwa utumishi. Kati ya hizo siku mbili kuna mtu alikaa na Marko. Uwe huyo.

Ila kuna makosa ambayo mtu anatolewa kwenye nafasi, kuiba, uzinzi, kudhuru wadogo, kutisha watu. Kusamehe ni kitu kimoja na kurudisha funguo ni kingine.

Afya ya mlezi mwenyewe

Kutoka 18 watu wanakumbuka wakuu wa maelfu na mamia na hamsini na makumi, hawakumbuki ile sura inavyoanza. Yethro hakuja kutoa semina. Alikuja na Sipora mke wa Musa na watoto wawili, Gershomu na Eliezeri, kwasababu walikua kwao kwa huyo mzee, Musa yuko jangwani na kazi. Na kesho yake tu asubuhi, familia ndo imefika jana, Musa amekaa kiti cha hukumu watu wamemzunguka toka asubuhi mpaka jioni. Baba mkwe akaangalia, akasema unavyofanya si vyema, utachoka wewe na watu hawa pia. Kwa mila zetu mkwe akifikia kukuambia hivyo ujue ameshakaa nalo moyoni muda. Na Musa, aliyeongea na Mungu kwenye kijiti kinachowaka, alimsikiliza.

Kwaiyo jiangalie. Ukiona unachukia simu ikiita, maombi yako yamebaki ya jukwaani tu, mke anakusikia kwenye maiki kuliko mezani, watoto wakisikia neno kanisa wananuna, umeshachoka. Chagua siku moja ya wiki ambayo hupokei simu za kikundi na uitangaze. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake waende faragha wakapumzike kidogo, maana watu walikua wengi hata nafasi ya kula hawana. Na kama moyo umekua mzito wiki kwa wiki, usingizi hauji, nenda hospitali ukaongee na daktari huku ukiendelea kuombewa, havigombani.

Kuna ugonjwa mwingine hatuusemi, wivu. Siku kijana uliyemlea anaongoza na kanisa zima linasimama, kuna kitu kinakuchoma. Kilimchoma Sauli aliposikia wanawake wanamuimba Daudi. Hata Yoshua, kijana mmoja alipokimbia kumuambia Musa kwamba Eldadi na Medadi wanatabiri kambini, alisema wakataze, Musa akamuuliza una wivu kwa ajili yangu? Laiti watu wote wa Bwana wangekua manabii. Hicho kitu kikikuchoma mwambie Mungu, mwambie na rafiki mmoja unaemuamini, alafu kesho yake mpigie yule kijana umwambie ulivyobarikiwa.

Kung'atuka

Hili neno tumepewa na Mwalimu Nyerere kutoka Kizanaki, na alilifundisha kwa vitendo. Mwaka 1985 aliacha urais akiwa na nguvu zake, hakuna alieemfukuza, ila uenyekiti wa chama akabaki nao mpaka 1990. Siasa zake watu wana maoni tofauti na sitaki kuingia huko, mimi nachukua ile kuachia kwa mafungu.

Fanya hivyo hivyo. Kwenye kwaya nyingine niliyoongoza baadae tulifanya kwa mwaka mmoja, nikimuachia dada mmoja. Kwanza mazoezi ya jumatano, yake yote, mimi nakuja kama muimbaji wa kawaida. Baada ya miezi miwili ibada ya kwanza. Alafu funguo za stoo. Alafu kuongoza kikao, mimi nikiwa mjumbe. Daftari la hela likaenda kwa mtu mwingine kabisa maana funguo na hela visilale nyumba moja. Vyote vilivyokua kichwani kwangu nikaviandika kwenye kaunta buku, fundi wa spika, fundi wa sare, nyimbo na mahali pa kuanzia, nani mgonjwa wa muda mrefu, nani hana mtu wa kumsindikiza usiku. Alafu mtangaze mbele ya watu, wasikie kwa mdomo wako. Na wakikupigia simu kama zamani, jibu liwe moja, muulizeni yeye. Hii ni ngumu kuliko zote, kwasababu jibu unalijua na inachukua sekunde tatu kulisema.

Jumapili yake ya kwanza yule dada, ana miaka ishirini na tatu, mimi nilikaa benchi la mwisho. Wimbo akauanzia juu mno, kufika kiitikio sauti ya kwanza wakashindwa, watu wawili watatu wakageuka kuniangalia. Nilibana mikono katikati ya magoti nikaangalia chini. Akainua mkono, akasimamisha, akaanza upya chini kidogo, na kwaya ikaingia.

Baada ya ibada nikamfata nje nimuulize yale maswali matatu ya Bibi. Sikufika hata la pili. Akaniambia kaka samahani naomba nije baadae, yule bibi wa benchi la pili alikua analia wimbo mzima, nimemuuliza, anasema mdogo wake anazikwa leo Tabora na yeye nauli hakupata. Akaondoka na kikombe cha maji mkononi. Mimi nikabeba spika nikaenda mpaka stoo, mlango umefungwa, funguo anayo yeye. Nikaiweka spika chini nikakaa juu yake kumsubiri.